Maswali mnayotuuliza kuhusu vikao vya kusikiliza jazz Lubumbashi

Maswali yanatufikia kwa simu, kanisani, kwenye soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi), hata kwenye foleni ya maji. Tumeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi ya kusema. Mengine yametupeleka mbali, nasi hatukutaka kuyakata.

Kikao chenyewe ni kitu gani?

Ni alasiri moja ya Jumamosi kila mwezi, watu wanakaa pamoja kusikiliza sahani za jazz. Bendi haipo. Kuna meza, mashine ya santuri, spika mbili na viti vya plastiki. Mmoja wetu anaeleza kwa dakika chache kuhusu wimbo unaokuja, unapigwa, halafu watu wanasema walichosikia. Kwa saa tatu tunapiga nyimbo sita, labda saba.

Tunaanza saa tisa za mchana (kwa saa ya Kifaransa, saa kumi na tano) na tunamaliza kabla ya saa kumi na mbili, ili watu wa Ruashi na Katuba wapate basi kabla giza halijaingia.

Ni bure kweli, au mtatuomba kitu tukishakaa?

Ni bure. Hakuna tiketi na hakuna kikapu kinachopitishwa. Ukumbi tunaazimwa na parokia, sahani ni zetu na za marafiki, na mafuta ya jenereta tunachangishana sisi wenyewe tunaoandaa. Nje kuna mama anayeuza munkoyo (kinywaji cha mahindi) na karanga. Hiyo ni biashara yake, nasi tunawaombeni mumuungishe.

Tuliamua hivyo tangu siku ya kwanza. Hapa mjini jazz imezoea kukaa mahali penye kiingilio na mashati yaliyopigwa pasi, wakati kijana wa Katuba anayepiga tarumbeta kwenye fanfari (bendi ya matarumbeta) ya kanisa lake hajawahi kumsikia Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mkubwa wa Marekani, hata mara moja. Kijana huyo ndiye tunayemtaka kwenye kiti cha mbele.

Sijasoma muziki. Nitaelewa?

Umewahi kukaa matangani usiku? Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanamwitikia, na kila akirudi anaugeuza kidogo kwa jinsi moyo wake ulivyo saa ile. Kama unajua kuitikia, nusu ya jazz unayo tayari. Nusu nyingine ni kutega sikio kwa chombo kimoja kwa wakati. Mara ya kwanza fuata besi peke yake, mara ya pili ngoma. Tutakuonyesha.

Jazz ndiyo ile ya OK Jazz na African Jazz?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na tunalipenda.

Jina ni lile lile, ila muziki ulipita njia nyingine. Joseph Kabasele, tunayemwita Grand Kallé, alipounda African Jazz mwaka 1953, na Franco na wenzake walipoanzisha OK Jazz Juni 1956, neno "jazz" huku kwetu lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa ya dansi, yenye gitaa na vyombo vya kupuliza. Ni hivyo hivyo Tanzania: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Kule Guinea, Bembeya Jazz. Ukizisikiliza bendi hizo ukitafuta New Orleans, hutaikuta. Utaikuta Cuba. Tangu mwaka 1933 zilianza kuuzwa Afrika sahani za Cuba zilizokuwa na alama ya G.V., na wazee wetu wakasikia ndani yake kitu wanachokifahamu, wakakirudisha nyumbani kwa gitaa. Ndiyo rumba, ile ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021.

Lakini msidhani neno "jazz" lilibandikwa kwa urembo tu. Mtu mweusi aliyevaa suti, anayepuliza saksafoni mbele ya watu na kulipwa kwa kazi hiyo: hiyo ndiyo picha iliyokuwa ndani ya neno lile miaka ya 1950, na kwa mji uliokuwa na mtaa wa wazungu na mtaa wa weusi haikuwa picha ndogo. Ndiyo maana kwenye vikao vyetu huwa tunapiga African Jazz papo hapo baada ya Mmarekani Duke Ellington, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Basi jazz yenyewe ilianzia wapi?

New Orleans, kusini mwa Marekani, mji wa bandari. Kulikuwa na uwanja ambao watumwa walikusanyika kila Jumapili kupiga ngoma, kucheza na kuuziana vitu. Mwaka 1817 sheria ya mji iliwazuia kukusanyika kwingine, wakabaki pale. Uwanja ule unaitwa Congo Square mpaka leo. Tulipolisema jina hilo kwenye kikao cha kwanza, ukumbi ulinyamaza. Ukweli ni kwamba Wakongo wanaotajwa pale walitoka zaidi upande wa bahari, kwenye ufalme wa Kongo na jirani zake, mbali na Katanga huku kwetu. Hata hivyo tunalitaja kila tunapokuwa na wageni.

Kutoka kwenye mapigo yale, nyimbo za kazi, nyimbo za kanisa, bluzi, ragtime na bendi za matarumbeta za mitaani, muziki huu ulijipika taratibu hadi mwishoni mwa karne ya 19. Mtu anayetajwa zaidi mwanzoni ni Buddy Bolden, mpiga koneti (tarumbeta fupi), ambaye sauti yake ilisemekana kuvuka mitaa. Mwaka 1907 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo mpaka alipofariki mwaka 1931. Hakuna sahani hata moja tunayoweza kuwapigia. Sahani ya kwanza ya jazz iliyouzwa ilirekodiwa tarehe 26 Februari 1917 mjini New York, na waliorekodi walikuwa Wazungu watupu, Original Dixieland Jass Band. Tunaipiga, lakini hatuipi muda mrefu. Muda mrefu tunampa King Oliver, aliyerekodi mwaka 1923 akiwa na kijana Louis Armstrong kwenye koneti ya pili na Lil Hardin kwenye piano.

Kwa nini mnapiga wimbo mmoja mara tatu? Inachosha.

Tunajua, na wengine huguna. Tupeni nafasi tueleze kwa mfano mmoja.

Tarehe 28 Juni 1928, huko Chicago, Louis Armstrong alirekodi "West End Blues". Wimbo unafunguliwa na tarumbeta peke yake. Kwanza sauti nne zilizonyooka kama mtu anayepanda ngazi kwa hatua thabiti, halafu anaruka juu kabisa na kuanza kushuka akizunguka, haraka, bila ngoma ya kumshikia mapigo. Ni sekunde kama 12 hivi. Mara ya kwanza ukumbi unasikia tarumbeta tu. Mara ya pili wanagundua kwamba mapigo yapo ingawa hakuna anayeyapiga. Utaona miguu imeanza kutikisika chini ya viti. Mara ya tatu huwa ninawaomba wafumbe macho na wasubiri mwisho wa wimbo, pale Armstrong anaposhika sauti moja ya juu na kuing'ang'ania, ikae, ikae, mpaka unajishika kifua kwa kumhofia pumzi, kisha anaiachia ivunjike vipande vipande. Kabla yake kuna Earl Hines kwenye piano, na ndani yake kuna Armstrong akiimba bila maneno, akijibizana na klarineti.

Mambo hayo yote yamo ndani ya dakika tatu na kidogo, kwa sababu upande mmoja wa sahani ya siku zile haukubeba zaidi. Ukiusikia mara moja umesalimiwa tu.

Ni kweli Armstrong alifika hapa Lubumbashi?

Kweli. Mji uliitwa Elisabethville. Mwishoni mwa Oktoba 1960 alishuka Léopoldville, leo Kinshasa, watu wakambeba mabegani juu ya kiti kama chifu. Novemba akafika huku. Katanga ilikuwa imetangaza kujitenga tangu tarehe 11 Julai chini ya Moïse Tshombe, na kofia za buluu za Umoja wa Mataifa zilikuwa mitaani. Wapo wazee wanaoisimulia siku ile kama arusi.

Sisi tunawasimulia pia upande wa pili, kwa sababu tusipousema sisi wa mji huu atausema nani? Safari ile ililipiwa na serikali ya Marekani pamoja na kampuni ya Pepsi-Cola. Marekani ilikuwa ikiwatuma wanamuziki weusi duniani kama mabalozi tangu Dizzy Gillespie mwaka 1956, huku nyumbani kwao mtu mweusi akikatazwa kuketi alipotaka. Armstrong hakuwa mjinga wa jambo hilo: mwaka 1957, watoto weusi wa Little Rock walipozuiwa kuingia shuleni, aliisema serikali yake hadharani na akakataa safari ya Urusi. Lakini alipokuwa akipiga hapa, Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, alikuwa amezingirwa na askari nyumbani kwake Léopoldville. Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa hapa na kuuawa usiku huo huo, si mbali na mji. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Februari, mwimbaji Abbey Lincoln na mpiga ngoma Max Roach walikuwa kati ya watu walioingia kwenye Baraza la Usalama jijini New York na kupiga kelele kwa ajili ya Lumumba, mpaka wakatolewa nje.

Kwa hiyo jazz ilikuja Katanga na kutabasamu, na jazz ikamlilia aliyeuawa Katanga. Kikao kimoja kwa mwaka tunakitoa kwa habari hii peke yake. Tunapiga Armstrong, halafu "We Insist!" ya Max Roach, iliyorekodiwa mwaka ule ule wa 1960. Baada ya hapo hatuelezi kitu, tunawaachia wazee waseme.

Mnaposema mapokeo mengi ya jazz, mna maana gani?

Kwamba ni mti wenye matawi yasiyofanana. Mbelgiji anaweza kukushangaza: Django Reinhardt, aliyezaliwa Liberchies mwaka 1910 katika jamii ya Wamanouche, wasafiri wa magari ya farasi. Moto ulimlemaza vidole viwili vya mkono wa kushoto mwaka 1928, na kwa vile vilivyobaki akapiga gitaa ambalo wenye vidole vitano bado wanalikimbiza. Na saksafoni yenyewe iliundwa na Mbelgiji, Adolphe Sax wa Dinant, aliyepata hataza yake Paris mwaka 1846.

Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, mwanzoni mwa miaka ya 1940, vijana kama Charlie Parker, Dizzy Gillespie na Thelonious Monk walichoka kupiga muziki wa kuchezewa dansi, wakazaa bebop, ya haraka na ya kona kali. Dizzy akamchukua Mcuba, Chano Pozo, na ngoma zake za mkono, na mwaka 1947 wakarekodi "Manteca". Mtu wa rumba hahitaji kutafsiriwa wimbo ule.

Addis Ababa, Mulatu Astatke alichukua mizani ya Kihabeshi yenye sauti tano akaiweka kwenye vibrafoni. Afrika Kusini tunaikalia zaidi, maana iko kusini yetu, na reli iliyofika mji huu mwaka 1910 ilitoka upande huo. The Jazz Epistles, wakiwa na Hugh Masekela na Abdullah Ibrahim, walikuwa wametoa sahani yao tu pale polisi wa Sharpeville walipoua watu 69, Machi 1960. Kundi likatawanyika, wengi wakakimbilia ng'ambo. Mwaka 1974 Abdullah Ibrahim alirekodi Cape Town wimbo "Mannenberg", ukawa wimbo wa wanaopigania haki. Una mapigo ya kutembea. Mwendo wake ni wa watu wanaorudi nyumbani kwa miguu baada ya kazi, na kwangu mimi hakuna wimbo mzuri wa kufungia kikao kuliko huo.

Kuna Kiswahili ndani ya jazz?

Kipo, na watu wanapokisikia hushangilia. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi "Uhuru Afrika". Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na ndani yake mtu anasema kwa Kiswahili. Moja ya sehemu zake inaitwa "Kucheza Blues". Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku.

Miaka kumi baadaye mpiga piano Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili. Yeye akawa Mwandishi, na hilo ndilo jina la sahani yao ya mwaka 1971. Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, Eddie Henderson akawa Mganga, na huyo kweli alikuwa amesomea udaktari. Julian Priester akaitwa Pepo Mtoto. Mama mmoja wa Kampemba alipolisikia jina hilo la mwisho alisema, "Huyu ndugu aje aombewe." Tulicheka sana, lakini baadaye ni yeye aliyetuomba turudie sehemu ya tromboni.

Mimi ni mtu wa kanisa. Huu si muziki wa baa?

Papa, mama, tunalichukua swali hili kwa heshima, kwa sababu wengi wetu tunaimba kwenye kwaya za parokia. Ni kweli ulipigwa kwenye baa, na hata kwenye nyumba mbaya zaidi. Lakini ulilelewa kanisani pia. Duke Ellington alipiga tamasha lake la kwanza la muziki mtakatifu kwenye kanisa kuu la Grace, San Francisco, mwaka 1965. Mpiga piano Mary Lou Williams aliingia Ukatoliki mwaka 1957, akatunga misa.

Na kuna John Coltrane, mpiga saksafoni. Desemba 1964 alirekodi "A Love Supreme", kama shukrani kwa Mungu. Sehemu ya nne inaitwa Zaburi. Coltrane aliandika sala, akaiweka mbele yake, na saksafoni ikaisoma silabi kwa silabi. Haimbi mtu, ila kila neno limo. Tulipoipiga tuliwagawia watu sala hiyo ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, waifuate kwa macho. Kabla ya kufika katikati baba mmoja aliivua kofia yake na kuiweka magotini.

Tuna muziki wetu. Kwa nini mhangaike na wa Wamarekani?

Hatuchagui mmoja tukaacha mwingine. Kila kikao lazima kiwe na sahani moja ya Katanga, na mara nyingi ni Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka kusini, alimkuta Jadotville, leo Likasi, akamrekodi "Masanga". Gitaa moja kavu, kidole gumba kikipiga besi, kidole cha shahada kikikimbia juu, mpaka ukiisikia bila kuambiwa utasema ni watu wawili. Ukitoka kumsikiliza Django ukaingia kwa Mwenda, hupunguzi kasi. Wapiga gitaa wa dunia bado wanaisoma "Masanga" sauti kwa sauti. Tunataka watoto wa hapa waijue kabla hawajafundishwa na mgeni.

Wanawake wako wapi katika historia hii?

Wako kila mahali, ila majina yao yaliandikwa kwa herufi ndogo. Lil Hardin na Mary Lou Williams tumewataja. Sauti za "Uhuru Afrika" zilipangwa na Melba Liston, mpiga tromboni. Na Billie Holiday, mwaka 1939, aliimba "Strange Fruit", kuhusu watu weusi walionyongwa kwenye miti. Kampuni yake ya sahani ilikataa kuurekodi, akaupeleka kwa kampuni ndogo. Wimbo huo hatuupigi watoto wakiwa ukumbini.

Kumbe watoto wanaruhusiwa?

Sana. Mmoja wa miaka minane hivi aliuliza tarumbeta inatengenezwa kwa nini. Shaba iliyochanganywa na zinki, tukamjibu. Akageuka akamwangalia baba yake, ambaye kazi yake ni ya mgodini. Shaba iko chini ya miguu yetu, na zinki iko Kipushi, kilomita 30 tu kutoka hapa. Ukumbi mzima ulipiga makofi kana kwamba mtoto yule ndiye aliyeivumbua.

Lugha gani inatumika?

Kiswahili cha hapa. Kifaransa kinaingia chenyewe, na hatukifukuzi. Majina ya nyimbo tunayafasiri.

Naweza kucheza? Kuongea?

Kucheza ndiyo, upande wa nyuma. Kuongea subiri wimbo uishe. Simu zizimwe, tafadhali.

Umeme ukikatika?

Tunawasha jenereta, ingawa inachukua dakika chache na inapiga kelele. Januari iliyopita mvua kubwa ilipiga, ukumbi ukawa giza alasiri, na umeme ukakatika Armstrong akiwa katikati ya ule ufunguzi, anaanza kushuka. Kwenye kimya kile kijana wa fanfari alichomoa mdomo wa tarumbeta mfukoni, ile sehemu ndogo ya kupulizia tu, akajaribu kuumalizia. Akakosea. Akajaribu tena, akakosea mahali pale pale. Mzee mmoja akasema kutoka gizani, "Rudia, mtoto." Alirudia mpaka mafuta yakafika.

Nina sahani za marehemu baba. Mnazitaka?

Tunataka kuzisikia, si kuzichukua. Zilete, tutazipiga na utarudi nazo nyumbani. Zile nzito za mizunguko 78 huvunjika kama sahani ya chakula: zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine, uziweke mbali na bati la paa na jua, na usizipige kwa sindano ya sahani za kisasa, maana mfereji wa hizi za 78 ni mpana zaidi. Tunayo sindano inayofaa. Andika nyuma ya bahasha jina la baba na mahali alipoinunua, kama mama au shangazi bado anakumbuka.

Nikichelewa?

Ingia taratibu, keti. Jirani yako atakuambia tumefika wapi.